Chumvi Iliyonenepa Mizanini

Wapendwa waombolezaji, kabla sijasoma naomba kila mmoja aape kimoyomoyo kwamba nitakayosema hayatavuka uzio huu, kwa kuwa ni siri ya marehemu, nami Marsiana, dada yake mkubwa, nimeitunza zaidi ya miaka minane bila kuifikisha hata sokoni, na mnaonijua mnajua hiyo ilikuwa kazi. Mmeapa? Basi naitoa.

Ndugu yetu Gaudensi Teodori alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kijijini Milepa, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1979 hadi 1985, akaenda Mbeya kujifunza ufundi wa redio, na mwaka 1992 akafungua karakana yake hapa Izia. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Fransiska, ambaye kwanza alimkataa mara mbili, asibishe, barua nilizipeleka mimi, wakajaliwa watoto wawili, Leonsi na Tereza.

Kilichompa jina ni mizani za umeme. Alinieleza kwamba ndani ya mizani mna chipu, na ndani ya chipu mna kikuzaji, kinachokuza umeme hafifu unaotokana na uzito, nacho huzaliwa na uongo wake, juu hakuna kitu lakini kinasoma gramu tisini. Basi aliipanga chipu ipime, igeuze nyaya mbili za kuingilia, ipime tena, ili uongo utokee mara moja kama nyongeza na mara moja kama upungufu, ufutane wenyewe, na kwa kelele za umeme zinazorusharusha namba, aliilaza kwanza sehemu inayopiga hesabu, vipimo sitini na vinne vichukuliwe kimya kimya, ndipo iamke itafute wastani.

Juni 2017 Lucia, mjukuu wetu aliyeketi pale mbele, alizaliwa kabla ya wakati, na nesi Minza akasema hatoki chumba cha joto mpaka afikishe kilo mbili, maana baridi yetu ya Juni ingemuua. Mizani ikawa haieleweki, leo hivi kesho vile, nesi akamwita marehemu. Akaitengeneza, tupu ikasoma sifuri, pakiti ya chumvi ya nusu kilo ikasoma nusu kilo, akapimwa Lucia, bibi yake amesimama kando akimkinga kwa mkono asianguke, kilo mbili na gramu arobaini, bibi akaanza kufunga mzigo. Bibi huyo alipotoka barazani kusikiliza habari za watu, marehemu akapima tena, kilo moja na gramu mia nane sabini. Bibi aliporudi, marehemu akaweka ile chumvi, akamwomba aikinge kama anavyomkinga mtoto, ikasoma gramu mia sita hamsini, naye akasema taratibu, "Bibi Lucia, hata chumvi imenenepa?"

Ulezi ulikuwa unamngoja bibi shambani, na umbea wa Izia ulikuwa unampita. Marehemu hakumwaibisha, alimwambia nesi tu kwamba mizani imepona na mtoto bado, Lucia akakaa siku nane zaidi, ndiyo maana leo ameketi pale.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Novemba 2024, akatibiwa hapa na Mbeya, hadi Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, alipotutoka.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, majirani wa Izia kwa kuni, maji na mikesha, mafundi wenzake waliofunga karakana zao wiki nzima, na kwa namna ya pekee nesi Minza, ambaye mtaa mzima umemsema kwamba hajui kupima watoto, na aliyeanzisha maneno hayo anaomba radhi leo.

Msigeuze shingo kumtafuta. Kidole kilichokandamiza mizani ni hiki ninachofuatishia mistari, kitazameni, na wewe Lucia kitazame. Mdogo wangu Gaudensi, uongo wangu nao umeufuta, pumzika kwa amani isiyo na kelele.