Neno Moja la Mzee Kastl

Baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi katika Kiwanda cha Bia cha Haslberg, Bwana Kastulus Haunreiter, mkuu wetu wa upishi wa bia, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba. Bibi Ottilie Lanzinger, mwenye kiwanda, ameniomba mimi, Afra Stadlbauer wa Ukumbi wa Chupa, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu. Nilimwuliza kwa nini mimi, wakati ofisini kumejaa watu wenye viti vya kuzunguka. Akasema, "Kwa sababu hakuna aliyegombana naye kama wewe."

Kwa wale wageni wasionifahamu, mimi ni mtu wa kulalamika. Nalalamikia baridi ya ukumbi, gundi ya lebo, kahawa ya ile mashine ya koridoni, na kreti ambazo mtu mwenye akili timamu asingezipanga hivyo. Mzee Kastl, ndivyo sote tunavyomwita hapa, alizoea kuwaambia wenzangu kwamba nikifika mbinguni, salamu yangu ya kwanza kwa Mtakatifu Petro itakuwa kumwuliza kwa nini mlango wake unapitisha upepo. Nayaandika haya mapema kwa sababu yatahitajika mbele.

Mzee Kastl alizaliwa ng'ambo ya mto, mtoto wa fundi wa mapipa. Alitujia akiwa kijana aliyetoka chuo cha upishi wa bia, ana masharubu ambayo hayakuwa yameamua kuota. Alianzia kwenye chumba cha kuchachushia, akasugua matangi, akalala na homa za Januari, akapanda ngazi hadi juu. Ameleta medali nyingi, na zote ziko kwenye lile kabati la vioo zikila vumbi, kwa sababu alikataza zisifutwe. Alisema medali ikifutwa sana mtu huanza kuiangalia.

Lakini kazi yake kubwa ni moja tu, nayo ni Bia ya Kipupwe. Marehemu Mzee Lanzinger, baba yake Bibi Ottilie, hakuitaka. Kiwanda kilikuwa na bia ya ngano ya kiangazi, nyepesi, ya kunywea bustanini, na ilitosha. Kijana Kastl akamng'ang'ania amruhusu kupika nyingine ya wakati wa theluji, nyeusi kidogo, yenye kimea kingi na nguvu ya kuwasha kifua. Mzee Lanzinger akamwambia, "Tangi moja tu. Wakikuzomea, utainywa yote peke yako." Hawakumzomea. Kufika Krismasi, Kastl mwenyewe hakuwa na chupa ya kumpelekea mama yake.

Mnaifahamu, sina haja ya kuwaeleza, ila acheni nijifurahishe. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Povu lake zito linakaa juu ya glasi kama mgeni asiyetaka kuaga. Ukiinusa unapata ndizi iliyoiva hadi ganda limeanza madoa, halafu karafuu, halafu asali iliyoungua kidogo. Mdomoni ni laini, na baadaye, ukishaimeza, joto linashuka taratibu na unajiona umependa hata majirani. Na ile hamira iliyobaki chini ya chupa unaitikisa na kuimwaga juu. Asiyefanya hivyo hajanywa bia yetu.

Kuna mchuuzi mmoja aliyewahi kufika kutuuzia vizibo. Akapewa glasi ya Bia ya Kipupwe, akaomba kipande cha limau cha kutia ndani. Mzee Kastl hakubadilisha hata uso. Akatoka, akarudi na limau zima kwenye sahani, kisu na uma pembeni, akamwekea mezani. Kisha akaichukua ile glasi na kwenda zake nayo. Vizibo tulinunua kwa mtu mwingine.

Sasa niseme habari ya Siku ya Mtakatifu Barbara. Kila mwaka, tarehe nne Desemba asubuhi, yale matawi ya mcheri yakishawekwa majini ili yachanue Krismasi, tunakusanyika chini kwenye chumba cha matangi. Kuna soseji nyeupe na haradali tamu, na lazima ziishe kabla kengele ya adhuhuri haijalia. Mzee Kastl ndiye wa kwanza kuionja Bia ya Kipupwe ya mwaka huo. Akishaonja anatamka neno moja la kwetu, "Passt." Maana yake imekaa sawa, kama kiatu kilichomtosha mtu. Watu wa hapa hatuna sifa iliyo juu ya hiyo. Mume wangu aliniona na gauni la harusi, akanitazama kuanzia shela hadi viatu, akasema "Passt," nami nililia hadi wanja ukanichuruzika.

Baada ya neno hilo, Mzee Kastl husema jinsi alivyoionja. Yeye hasemi ndizi, wala karafuu. Mwaka ule tanuri la mwokaji Fuchsgruber lilipozimwa moja kwa moja, alinusa glasi akasema, "Hili ni ganda la chini la mkate wa Fuchsgruber, lile lililoungua." Mwaka mwingine alisema, "Soksi ya sufu inakauka juu ya jiko." Tukacheka, tukamwuliza kama hiyo nayo ni sifa. Akasema tuionje kwanza. Haki ya Mungu, ilikuwa soksi, na ilikuwa tamu!

Na mwaka aliofiwa na mkewe, Notburga, alishika glasi muda mrefu. Akasema, "Matufaa. Ya Notburga, aliyoyalaza darini juu ya majani makavu." Akaweka glasi chini akatoka, akaacha soseji zake. Tangu siku hiyo hakutaja tena matufaa.

Umri ulipoanza kumpiga hodi, Bibi Ottilie alituweka wazi. Bia hii inakula miezi ya tangi na usingizi wa mpishi. Akipatikana mtu wa kumrithi Mzee Kastl, itaendelea. Asipopatikana, itaondoka naye. Walikuja watu watatu kujaribu, wakarudi makwao. Kisha akaja Wiebke Harmsen, binti wa kaskazini, kule bahari ilipo, mrefu kama ngazi, mwenye kumwita kila mtu Bwana na Bibi. Mimi nilimlalamikia wiki nzima. Baadaye nikaona jinsi anavyofungua tangi, kwa utaratibu, kama anayefunua kitanda cha mtoto, nikaacha.

Miaka miwili iliyopita Mzee Kastl alimwachia apike Bia ya Kipupwe peke yake. Ikafika Siku ya Barbara. Mzee akanusa, akanywa, akatutazama tuliosimama pale, akasema, "Passt." Tukangoja neno la pili. Hakulisema. Akachukua soseji, akaanza kuimenya.

Jumatatu Wiebke akapeleka barua ya kuacha kazi. Bibi Ottilie alishuka ukumbini, uso umemparama. "Basi imekwisha," akasema. "Mwaka huu ndio wa mwisho."

"Lakini Mzee kasema passt!" alifoka dereva wetu, Gorgonius. "Anataka apigiwe kinanda cha kanisa?" Na hapo ndipo tulipochemsha, jamani. Kwao Wiebke, neno hilo hutamkwa na mtu aliyechoka. Maana yake kwao ni haya basi, iende tu, afadhali kuliko maji. Kumbe tangu aje hakuna aliyemweleza. Tulidhani kila mwenye masikio anajua.

Adhuhuri hiyo Wiebke alikuja ukumbini kurudisha mabuti yake ya mpira. Mtambo wangu ulikuwa umesimama, chupa imepasuka ndani, kwa hiyo nilisikia yote bila kutega sikio. Mzee Kastl alimfuata hadi kwenye makabati ya nguo za kazi.

"Binti, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Bwana Haunreiter. Ila niambie ukweli kabla sijaondoka. Ilikosa nini?"

"Haikukosa kitu."

"Ulisema passt."

"Ndiyo. Nikasema passt."

"Sasa hiyo ndiyo sifa?"

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia habari ya gauni langu la harusi, shela, wanja na yote. Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa, kisha akamgeukia Mzee.

"Haya, tuseme ni sifa. Lakini kila mwaka unasema umeonja nini. Mkate, soksi, nimesimuliwa zote. Kwa yangu hukusema. Kwa nini?"

Mzee Kastl akavua kofia. Sijawahi kumwona kavua kofia ndani ya kiwanda, hata askofu alipokuja.

"Kwa sababu sikuonja kitu," akasema. "Tangu ile homa ya Machi pua yangu imekufa. Ungenipa maji ya kuoshea chupa nisingejua."

Wiebke akakaa juu ya kreti. Mkuu wa upishi wa bia asiyesikia harufu, na miezi yote hiyo hakumwambia mtu!

"Sasa ulijuaje kama inafaa?" Wiebke akauliza, sauti imempungua.

Mzee akanielekezea kidevu. "Nilimtazama huyo. Huyo mwanamke hulalamikia hata jua likichomoza. Alikunywa, akanyamaza, akanyoosha glasi aongezwe. Miaka yote hii sijawahi kumwona amenyamaza."

Nikafungua mdomo nimjibu. Hakuna kilichotoka, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe, nikamthibitishia maneno yake. Wiebke akaanza kucheka, na machozi yakamtoka hapohapo.

Kisha Mzee Kastl akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa Haslberg aliyewahi kulifanya mbele yangu. Uso ukamwiva kama anayeungama kwa padri, akasema, "Ni nzuri. Ni nzuri sana, Wiebke. Usinifanye nirudie."

Yule binti akayarudisha mabuti kabatini mwake, yamngoje kesho, na kufunga mlango wa kabati.

Siku hiyohiyo Mzee alipanda ofisini akamweleza Bibi Ottilie habari ya pua yake. Bibi akamjibu kwamba kiwanda kimewahi kuwa na mkuu asiye na adabu na kikaendelea, sembuse asiye na pua. Ile barua ikatiwa motoni. Tangu hapo wamefanya kazi wawili kama mtu mmoja. Wiebke ananusa na kutaja anachokipata. Mzee anaweka sikio kwenye tangi, anasikiliza hamira inavyochemka, anamwambia la kufanya. Wanabishana mchana kutwa. Siku hizi Wiebke anamwita Mzee Kastl, kama sisi sote, na akikasirika anamwita kwa lafudhi ya hapahapa.

Siku ya Barbara ya mwaka huu mlikuwepo wengi, lakini mliokuwa zamu ya malori hamkuona. Mzee Kastl alishika glasi yake ya mwisho akiwa mtumishi wa kiwanda hiki. Hakuinusa. Akamwambia Wiebke, "Haya, niambie nakunywa nini."

Tulijua atasema ndizi na karafuu, maana ndivyo alivyofundishwa chuoni na ndivyo amekuwa akisema siku zote. Akaingiza pua kwenye glasi yake. Akakaa. Akaitoa, akairudisha tena.

"Matufaa," akasema.

Nikamkanyaga mguu. Nilidhani hajui habari ya Notburga. Lakini alikuwa ameshafumba macho, na akaendelea polepole. "Matufaa yaliyolazwa mahali pakavu, juu, karibu na paa. Majani makavu chini yake. Na mojawapo limeanza kuoza, Mzee. Samahani, lakini lipo. Nalisikia."

Povu likashuka katika glasi ya Mzee Kastl.

"Siku zote lilikuwepo moja," akasema. "Nilikuwa nikimwambia Notburga aliondoe. Naye alikuwa akisema ndilo linaloyatia mengine harufu."

Akanywa glasi yote, akaitikisa chupa, akaimwaga ile hamira, akainywa nayo. Tulimngoja aseme lile neno. Kinywa chake kilijaribu, kikashindwa. Basi Wiebke akalisema kwa niaba yake, "Passt," na kengele ya adhuhuri ikaanza kulia huku nusu ya soseji ingali sufuriani. Hakuna aliyejali. Mimi mwenyewe nilikula mbili kengele ikilia, na sijadhurika.

Mzee Kastl, uongozi na wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kila tangi, kila kofi la pongezi mgongoni ambalo hukulitoa, na kila kipupwe tulichokipita tukiwa na kitu cha kutupa joto. Tunakuombea bustani isiyo na konokono, magoti yasiyouma, na Wiebke wa kukuletea chupa ya kwanza kila Siku ya Barbara na kukuambia ndani yake mna nini. Pumzika vizuri, Mzee wetu, na usiache kuja.

Bibi Ottilie ameagiza nimalizie kwa maoni ya idara yangu. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima, nimetafuta kila pembe ya miaka yako hapa. Ukumbi wa Chupa hauna la kulalamikia.