Fundi Nusu na Gurudumu la Nyuma

Ijumaa hii, karakana ikifungwa, Fundi Nusu atavua aproni yake ya bluu na hataivaa tena. Anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kusuka magurudumu ya baiskeli. Kalamu ya kumwandikia nimepewa mimi, fundi wa fremu. Shule niliiaga mapema, lakini meza yangu na yake zimepakana miaka yote hiyo, na chini ya bati hili hakuna anayemjua kunishinda. Anayebisha na aje.

Alikuja kijana mwembamba, akaajiriwa kuziba pancha. Kusuka spoku alijifunza kwa kuzikata. Siku hizo ringi ikipinda watu waliigonga kwa rungu, ikinyooka kidogo wanaondoka nayo ikiyumba, na hakuna aliyelalamika. Yeye alilalamika. Gurudumu alilitundika kwenye stendi, akalizungusha, akafumba macho, akaweka kidole gumba pembeni kusikiliza linapogusa. Halafu anazigonga spoku kwa kucha, moja baada ya moja. Zisipolia sauti moja, hakupi gurudumu lako hata kama unakimbilia kwenye harusi yako mwenyewe.

Jina la Nusu lilikuja na baiskeli za enduro. Kwa wageni wetu wa leo, enduro ni mbio za mlimani ambazo kupanda hakupimwi saa. Kinachopimwa ni kushuka, kwenye mawe na mizizi. Magurudumu yake yakaja saizi mbili, inchi ishirini na tisa na inchi ishirini na saba na nusu. Lile kubwa linapita juu ya mawe bila kujikwaa, na likishika kasi haliiachi. Dogo linakata kona upesi, na linamwachia mwendeshaji nafasi anaposogeza makalio nyuma kwenye mteremko mkali. Mimi nilikuwa mtu wa ishirini na tisa, na mpaka leo sijahama. Yeye akawa wa saba na nusu. Wateja wakafupisha wakamwita Nusu, akalipenda jina, mpaka shemeji yangu, mkewe, akawa Mama Nusu mtaa mzima.

Wahenga wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tulikaa, na kila mteja aliyeingia alivutwa mikono miwili. Nusu alikuwa na kibao chake cha mbao, unene wa ngumi. Kabla ya kutaja bei anamwambia mteja asimame juu ya pedali na kujivuta nyuma kama anashuka genge, kisha anapitisha kibao kati ya tairi la nyuma na kaptula. Kibao kikikwama, kubwa huuziwi. "Kiti ndicho cha kukalia," alikuwa anawaambia, "tairi halikaliwi." Nilimcheka sana na kile kibao. Yeye ananiita kaka akiwa hana hoja. Akiwa nayo ananiita mzee. Siku za kibao nilikuwa mzee kutwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kitinda mimba wangu, binti, ni mwendeshaji wa enduro. Alipanda baiskeli kabla hajajua kusoma. Miguu yake mifupi, kachukua kwa mama yake. Nilimtengenezea fremu kwa mikono hii, na sijaona ya kuishinda, nikaifunga ishirini na tisa mbele na nyuma. Kwenye mashindano, mteremko wa tatu, alijivuta nyuma, tairi likamkamata kaptula, akarushwa juu ya usukani. Mtulinga ukavunjika. Alipopona alituambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: akianguka tena namna ile, anauza baiskeli na kukaa kwenye cherehani na mama yake.

Nusu akasema mtoto awekewe dogo mbele na nyuma. Nikamwambia mwanangu hapiti kwenye mawe yale na magurudumu ya kitoto. Tukanuniana, hata chai kila mtu akachemsha ya kwake. Siku moja kabla ya mashindano mengine, binti akaja akasimama katikati ya meza zetu akasema, "Baba, baba mdogo, kesho nashuka. Nipeni chochote chenye duara."

Nikasuka la mbele mwenyewe, ishirini na tisa, maana kusuka najua, asidhani ni yeye tu. Nilipogeuka kuchukua ringi ya nyuma nikakuta ameshafunga lake dogo. Nikamwambia alitoe. Akajibu, "Nitalitoa, kaka, ukishatoa lako." Hakuna aliyetoa. Baiskeli ikatoka mlangoni mbele juu nyuma chini, na muuza vipuri wa jirani akatuuliza kama tumeishiwa ringi. Nyuma iliposhuka, pedali zilikaribia ardhi; mikono mifupi ya pedali niliifunga mimi, na hilo lisisahaulike.

Binti alishuka. La mbele likayameza mawe, la nyuma likamwachia nafasi yake. Alimaliza wa nne, mzima, mdomo umejaa vumbi kwa kucheka. Baadaye tulisikia huko nje wapo wanaochanganya saizi hivyo kwa makusudi. Sisi tulifika hapo kwa ukaidi. Nusu anasema gurudumu lake ndilo lililomwokoa mtoto. Watu wana haki ya kujidanganya.

Tangu hapo kila msimu la mbele nasuka mimi, la nyuma yeye, na wateja wengi wafupi wameondoka hapa na baiskeli za namna hiyo wakitushukuru sote wawili, jambo ambalo halimfurahishi yeyote kati yetu. Lakini kifundo cha mkono wa Nusu kimechoka, daktari amesema basi. Na binti yangu ana mashindano mwezi ujao. Vijana wetu wanasuka vizuri, ila yeye hashuki juu ya gurudumu la nyuma lililosukwa na mkono mwingine. Tangu habari ya kustaafu itangazwe, baiskeli yake ilining'inia ukutani bila gurudumu la nyuma. Binti akaanza kumsaidia mama yake kukata vitambaa.

Mimi nilikuwa nimeapa mbele ya karakana nzima kwamba mkono wangu hautagusa ringi ya saba na nusu. Jumatatu nilisuka moja. Nikaitundika kwenye stendi ya Nusu, nikarudi kwenye fremu zangu.

Akaingia, akaliona gurudumu, akalizungusha. Akafumba macho. Kompresa ikazimwa, sijui na nani. Akagonga spoku kwa kucha, akaizunguka ringi yote. "Nani kasuka hili?" Watu wakaangalia bati, na binti yangu, aliyekuja kuleta chakula, akaangalia bati pia. Nusu akakaza spoku moja, moja tu, robo mzunguko. Kisha akachukua ufunguo wake wa spoku, ule uliolika ukafuata umbo la kidole chake, ambao hajawahi kumwazima binadamu, akauweka juu ya meza yangu.

"Hili panda, mwanangu," akamwambia binti. "Aliyelisuka ana kichwa kigumu, lakini mkono wake umetulia."

Binti alilichukua akaenda kulifunga mwenyewe.

Kwa niaba ya karakana, ahsante, mdogo wangu, kwa kila gurudumu lililotoka hapa likiwa limenyooka. Ahsante shemeji, uliyetuazima mtu wako akirudi nyumbani amekasirika kwa sababu yangu. Na wewe Nusu, kila mtu hapa anakuombea mkono upone, siku zako ziwe ndefu na usingizi wa mchana usikatizwe na mtu.

Ila la mbele ni ishirini na tisa, na halitabadilika hata ukija kukagua kila Jumatatu.

Njoo kila Jumatatu.