Panya Waliopona

Kosa la mtafiti wa dawa lilikuwa kumsimulia mwanamke aliyeketi naye kwenye basi kwamba dawa yao mpya ya saratani imeponya mifupa ya panya.

“Panya!” mwanamke alifoka, basi zima tukageuka. “Mama yangu saratani imemtafuna mifupa, akikohoa tu anavunjika ubavu, na wewe unanisifia panya?” Mtafiti akajitetea kwamba bado wanaijaribu, haraka haraka haina baraka. “Methali hiyo kamwambie mama mwenyewe wodini!”

Mimi ningenyamaza hapo. Yeye alikuwa msomi, akaendelea kueleza.

“Na hao panya waliopona wako wapi?”

“Tuliwaua, dada. Lazima tuipasue mifupa tuone imeungaje.”

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mwanamke akachukua chupa yake ya chai. “Kumbe kwenu hata aliyepona hatoki,” alisema, akashuka.