Mwalimu Asmahani Alivyosimama Upande wa Dirishani

Bismillahi. Ndugu zetu wa Kanga, wazee mliovuka kutoka Juani, walimu na wanafunzi, mimi ni Tofiki Mbarouk, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na sauti ikinikatika mnivumilie.

Dada yetu, Mwalimu Asmahani Mbarouk, alizaliwa Juani tarehe 14 Machi 1986, akasoma shule ya msingi hukohuko na sekondari Kilindoni, akahitimu stashahada ya ualimu wa kemia na baiolojia huko bara mwaka 2009, na mwaka uliofuata akaajiriwa hapa Kanga, ambako maabara ilikuwa meza moja, naye akafundisha asidi kwa ndimu na ukwaju. Tarehe 7 Julai 2012 aliolewa na Bwana Fikiri Shamte, wakajaliwa watoto wawili, Amal na Yasir.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, nyama iligawiwa mtaani, na leo sitaficha, ilikuwa ya kasa. Kesho yake watu walianza kulalamika koo linawaka, wakatapika, wakalemewa na usingizi, na Jumanne asubuhi watoto wawili wa mtaani walikuwa wameshafariki. Kwa kuwa kasa ni marufuku kuvuliwa, kila nyumba ilinyamaza, na hofu ikamwangukia Bi Hamisa, mzee wa hapa mtaani, vijana wakajaa mlangoni kwake na marungu, wakidai ndiye anayewamaliza watoto kwa uchawi.

Dada aliingia Kidato cha Tatu akaliacha somo la siku hiyo, akaahidi kwamba hatamtaja mtu kwa mamlaka, akaomba waliokula nyama ile wasimame dirishani na wasioila wasimame mlangoni, kisha akauliza ni nani ana mgonjwa nyumbani. Mikono yote iliyoinuka ilikuwa ya dirishani, na majirani wa Bi Hamisa, waliokuwa mlangoni, hawakuwa na mgonjwa hata mmoja. Ndipo akaweka chaki chini, akatembea akasimama dirishani.

Mwanafunzi wake Mwanaheri anasema aliwaambia hivi: "Na mimi nilikula, na ninaogopa kama nyinyi, lakini sasa tunajua kinachotuua."

Akawatuma wa mlangoni nyumba kwa nyumba wakaizuie nyama iliyobaki, yeye akaenda kusimama mbele ya mlango wa Bi Hamisa, akawaeleza vijana alichokiona darasani, huku ulimi umeanza kumvimba, hadi wakatawanyika, ndipo akakubali kupelekwa hospitali Kilindoni pamoja na wanafunzi wake wa dirishani. Madaktari walituambia sumu ile haina dawa, wao wanaweza kusaidia pumzi tu, na Alhamisi tarehe 13, adhuhuri, pumzi yake ilikoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani wa Kanga na Miburani, na Bi Hamisa, aliyemwosha marehemu kwa mikono yake.

Bwana Fikiri hayupo hapa. Yuko wodini na Amal, aliyekula sahani moja na mama yake, na tangu jana kila anaposinzia tunamwamsha, akiamka anamwulizia mama. Yeyote aliyeficha nyama hiyo juu ya dari, akaitoe sasa hivi, hatutamuuliza kitu.

Dada, Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani. Sisi bado tunaogopa.