Mama Zimamoto na Mapokezi ya Jengo la Ngazi Moja

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu, mliyemfahamu kama Mama Zimamoto, jina alilopewa kazini kwa kejeli naye akalipokea kwa mikono miwili.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaanza shule ya msingi ya mtaani mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1975, kisha akasomea uhazili, na baadaye kinga ya moto, somo ambalo kwa kweli lilimwingia kuliko yote.

Tarehe 3 Januari 1980 aliajiriwa kuwa msimamizi wa jengo la ghorofa tano lenye ngazi moja tu, iliyoshukia mapokezi, hivyo moto ukishika pale chini wa juu hana pa kupita, na kwa sababu hiyo hakuruhusu pale katoni, pazia wala jiko la chai, na kila alipokuta mlango wa ngazi, uliowekwa kuzuia moto na moshi visipande juu, umezuiwa usijifunge kwa mtungi uleule wa kuzimia moto, aliwauliza wafanyakazi kati yao na mtungi nani mwenye akili.

Hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, fundi makochi, aliyetua kochi mapokezi ili apumue, akaamriwa alitoe kabla jasho halijamkauka, na tarehe 14 Agosti 1983 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 1991 mwenye jengo alimwagiza shemeji makochi sita ya sponji ya kuweka mapokezi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, naye akaipokea kimyakimya akiamini mke hawezi kumwaibisha mumewe mbele za watu, lakini dada alisimama mlangoni akasema moto hauna shemeji, makochi yakarudi nyumbani, watoto wakawa wanayaruka kufika jikoni, mwenye jengo akatishia kumfukuza kazi, na shemeji akahama chumba, akitangaza kwamba ndoa imekwisha.

Mwaka huohuo, mchana wa tarehe 6 Novemba, waya ulishika moto nyuma ya meza ya mapokezi, meza ikateketea, ila viti vilikuwa vya chuma na mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa, moto ukakosa cha kula, dada na mlinzi wakauzima, na watu wa juu wakashuka wazima, akiwemo shemeji, aliyekuwa ghorofa ya nne akipima viti vya wakili bila mkewe kujua. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo, lakini jioni ile alirudi chumbani, na tangu hapo hakugusa kazi ya mapokezi bila kumuuliza mkewe.

Marehemu alistaafu mwaka 2017, akaanza kusumbuliwa na figo Septemba 2022, na hata wodini aliwagombeza wauguzi kwa kuacha vitoroli mlangoni, hadi alipofariki tarehe 21 Mei mwaka huu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliopika na kulala nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao tunajua leo wamemlilia kweli.

Shemeji ameshindwa kusimama, ila ameagiza niseme neno moja tu: mliokaa mlangoni pisheni njia, mke wake anapita.

Pumzika kwa amani, dada.