Nani Anatuma Maua kwa Jina la Kufuli?

Sogea karibu, na kabla sijafungua mdomo, apa. Sema hutamwambia mtu, hata mumeo, hata ubanwe vipi. Umeapa? Haya. Mimi nami nilimwapia Kufuli hivyohivyo, mkono kifuani, na siri yake nikaitunza tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, na kwa umri wangu huo ni muda mrefu. Ilikuwa pale petu, kwenye jukwaa la mbao mbele ya duka la kona, mtaa wa Daemyeong, hapa Daegu, siku zile za baridi ya kwanza ambapo kila nyumba inamenya vitunguu saumu kwa ajili ya kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha yenye pilipili. Tulikuwa wanne, tumevua viatu, tumezunguka beseni, kila mtu na kikombe chake cha karatasi cha kahawa ya paketi. Redio, dereva wa basi mstaafu, ambaye hajazimika tangu astaafu. Mkasi, mwenye saluni, anayejua vichwa vya mtaa mzima nje na ndani. Mama Chang-gil, mpole, kajikunyata pembeni na aproni yake yenye mfuko mkubwa. Na mimi. Ndipo akaja huyo Chang-gil mwenyewe, mwanawe, ambaye sisi tunamwita Kufuli. Miaka arobaini na ushei, hajaoa, anashinda mtandaoni akiwafundisha watu asiowajua namna ya kufunga akaunti zao. Macho mekundu, ndala juu ya soksi.

— Nimevamiwa, akasema.

— Wezi? Redio akaruka. Wamechukua nini?

— Si nyumbani, mjomba. Akaunti yangu. Lakini jamani, isitoke hapa.

Tukaapa. Akageuza simu tuione: ua la krisanthemamu, manjano, limejaa umande, na chini yake maandishi makubwa, "Leo tena, tabasamu na ushibe."

— Zuri, akasema Mama Chang-gil.

— Mama, tafadhali. Kila asubuhi linatoka kwa jina langu, linaingia kwenye kundi letu la watu wa usalama wa kompyuta. Watu zaidi ya elfu mbili!

— Wale unaogombana nao kila siku? akauliza Mkasi.

— Sigombani, dada Mkasi, naelimisha. Juzi mtu kaniuliza neno la siri zuri likoje. Nikamwambia, liwe refu, lisibahatishike. Akaniandikia hapohapo mbele ya wote, "Kama hili?" Akalibandika lote.

— Mamaa!

— Na watu wakampongeza. Mwingine kila wiki ananiomba nimfungulie simu ya mchumba wake. Nikikataa, ananiita mtaalamu feki. Hayo yote navumilia. Lakini mimi ndiye admini pale, miaka minane nalinda lile lango. Wamenipa mpaka kesho asubuhi. Likitoka ua lingine, wananivua cheo. Sasa hivi jina langu ni Bwana Maua.

Mkasi akamsogezea kahawa. Kwa mtu mwingine hilo ni jambo la kuchekesha, lakini huyu ukimnyang'anya lile lango hana mahali pengine anapoitwa mkubwa.

— Mimi najua, akasema Redio. Hilo ni jeshi la nchi ya nje.

— Jeshi litume maua?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Kwanza wanawalainisha. Hesabu hayo matone ya umande. Yamekaa kama ramani. Hili ni daraja la mto, hiki ni kituo cha basi namba mia sita na tisa.

— Wewe kila kitu unaona kituo cha basi, akasema Mkasi. Huyo ni mwanamke. Mwanaume hawezi kuchagua ua lenye umande. Kuna mtu anampenda Kufuli, tena kwa siri.

Mama Chang-gil akainua kichwa haraka.

— Kweli, Mkasi?

— Labda anajituma mwenyewe usingizini, nikasema mimi. Marehemu mume wangu alikuwa anafunga mlango usingizini, asubuhi anatuuliza nani kautia komeo.

— Nilishawaza hilo, bibi, akasema Kufuli, na hakuwa anatania. Nikalala nimevaa glavu.

— Jiko! Redio akapiga paja. Jiko lenu la umeme la kupikia wali linaongea, sivyo? Linasema, "Wali umeiva, koroga."

— Yote yanaongea, mjomba.

— Kinachojua kusema kinajua kusikia. Wewe unataja neno lako la siri ukiwa jikoni, lenyewe limetulia tu, linapika.

— Jiko letu halijaunganishwa na mtandao.

— Lilikwambia lenyewe?

Kufuli akageuka. Akatazama kule nyumbani kwao. Nakwambia, aliingiwa na shaka.

— Neno la siri nimebadilisha mpaka nimechoka, akasema. La sasa ni refu, nalichapa kwa miwani. Kesho yake, ua. Hakuna alama, hakuna nyayo. Kusema kweli, namheshimu. Ningependa tu nimjue ni mtu wa namna gani.

— Na hao wenzako wanajibuje? akauliza mama yake, macho kwenye saumu.

— Wanacheka. Ila mmoja wa Busan kaandika kwamba tangu mama yake afariki hajatumiwa ua asubuhi na mtu yeyote. Anaomba yaendelee.

— Maskini wee, akasema Mama Chang-gil. Tena akamenya punje moja kwa muda mrefu sana.

Hapo ndipo alipofika dada mgeni anayepita mitaani akiuza mtindi, na kile kigari chake cha umeme chenye friji. Yule wa zamani kahamishiwa mtaa mwingine. Akatuuliza mbona nyuso zimetushuka hivyo. Basi nikamweleza kidogo. Sawa, nikamweleza yote. Kufuli akanikata jicho.

Yule dada akafunga friji ya kigari, akamuuliza Kufuli:

— Simu yako ya zamani iko wapi?

Sote tukamgeukia Kufuli.

— Ya zamani? akasema Kufuli. Nilinunua mpya kabla ya sikukuu ya mavuno. Ile nika... niliiweka... kwenye droo ya jikoni.

— Na bado iko humo?

Kufuli akashika simu yake, akaanza kuchapa.

— Nabadilisha neno la siri sasa hivi, mbele yenu. Kila kifaa kingine kinatupwa nje. Kikitaka kurudi ndani, lazima kwanza mwenyewe aulizwe kwenye simu yake, na mwenyewe akubali. Haya. Tayari. Nione sasa huyo fundi atapita wapi.

Ting.

Haikulia simu yake. Ililia kwenye aproni.

Mama Chang-gil, bila haraka yoyote, kama mtu aliyefanya hivyo kila siku, alijifuta mkono, akatoa mfukoni ile simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka kona. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama tulivyofundishwa shuleni:

— "Kuna mtu anaingia kwenye akaunti yako. Je, ni wewe?"

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

— Ndiyo, ni mimi.

Akabonyeza, na ua la kesho, alilokwisha kulichagua, likatokea kwenye kioo. Alipoinua macho akatukuta sote tunamtazama, Kufuli mdomo wazi, na kidole cha mama bado kiko juu ya kioo.

— Kila mara inaniuliza kama ni mimi, akasema. Sasa mlitaka niiambie si mimi?