Vitabu Nilivyovifungia Kufuli

Ndugu zangu, asalaam aleikum, na ambao salamu yenu ni nyingine, nawasalimu kwa hiyohiyo yenu. Mliotoka Ruangwa mmeamka mapema kuliko sisi wa Nachingwea, poleni na safari. Mwenyekiti ameniomba, kabla hamjanyoosha mikono kuamua juu ya hivi viwango vya maktaba za shule zetu, nisimame niseme vimetoka wapi. Nilimwambia, mwenyekiti, vimetoka pabaya. Akasema, basi anzia hapohapo pabaya.

Sitamtaja mtu kwa jina. Mwenye kosa ni mimi, na mimi niko mbele yenu.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja, kata ya Mbwemkuru, huko Ruangwa. Mume wangu alikuwa ameshafariki, wanangu wawili wako Dar es Salaam na maisha yao, kwa hiyo shule ile ndiyo ilikuwa nyumba yangu. Mwaka mmoja wafadhili wakatuletea vitabu. Si vya kiada. Hivi vilikuwa vya hadithi, vipya, vyenye picha za rangi, maboksi kwa maboksi. Nilipofungua boksi la kwanza nikanusa ile harufu ya karatasi mpya. Mimi nimekulia Mtua, nyumba ya wakulima. Baba alisoma Kurani, mama hakusoma chochote. Kitabu cha hadithi nilikishika mara ya kwanza nikiwa chuo cha ualimu. Nikajiapia kwamba hivi havitaharibika mikononi mwangu.

Mnaona nilipoanzia? Nilianza na mapenzi. Kwa hiyo msinicheke haraka.

Nikavipanga stoo, sakafuni, maana rafu hatukuwa nazo. Nikatia kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Fundi akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu: MAKTABA. Wakaguzi walipokuja walichungulia, wakaona maboksi, wakaandika kwenye fomu yao kwamba maktaba ipo. Kwenye kikao nikapongezwa, nikapigiwa makofi.

Kulikuwa na mwalimu wa kike, bado mbichi kazini, anafundisha darasa la tatu. Akanifuata ofisini.

"Mkuu, naomba vitabu vichache niwasomeshe darasani tu. Nitavirudisha kabla ya kengele."

"Na wakivichana, atakayejibu ni nani? Wewe au mimi?"

"Watoto wanajua vipo, mkuu. Wanachungulia kwenye upenyo wa mlango."

"Waache wachungulie."

Akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu. Mara ya nne hakuja tena, na mimi nikaona nimeshinda.

Ikapita misimu miwili ya mvua. Kisha wale waliotuletea vitabu wakatuma habari kwamba wanakuja kuona watoto wanavyosoma. Nikapanga watoto mstari, wazazi wamekuja na nguo zao za sikukuu, nikafungua kufuli mbele ya wote. Nikainama kuinua boksi la kwanza. Likaja jepesi. Chini yake pakabaki udongo mwekundu, na mchwa wanatawanyika. Boksi la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Kwa nje ni boksi zima, kwa ndani ni udongo wenye vipande vya picha, mkia wa samaki, gurudumu la baiskeli.

Wageni walitazama viatu vyao. Ndipo msichana mmoja wa darasa la nne, aliyekuwa mbele ya mstari, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ubaya wowote:

"Mwalimu, hivi vilikuwa vyetu?"

Mpaka leo sijamjibu.

Nikavuliwa ukuu, na ilikuwa haki. Nikahamishiwa shule nyingine huku Nachingwea, upande wa Chiola, mwalimu wa kawaida. Katika yale maboksi nilikuwa nimeokota kitabu kimoja kilichopona, kona tu ndiyo imeliwa. Nikakitia kwenye mkoba, nikaondoka nacho. Kwa nini nilikichukua, sijui.

Habari ilifika Chiola kabla ya mizigo yangu. Watoto wakanipa jina, Mama Mchwa. Walimu wenzangu hawakuniita hivyo hata siku moja, lakini nikiingia ofisini mazungumzo yanakatika, mtu anakumbuka ana daftari la kusahihisha. Chai ya saa nne nikawa natoka na kikombe changu, nakwenda kunywea nyuma ya madarasa, kwenye mikorosho, nimeyapa majengo mgongo.

Mwanangu akipiga simu, "Mama, vipi huko?" namjibu, "Pazuri, mwanangu. Watu wakarimu sana." Nikikata simu naosha sahani moja na kikombe kimoja. Kuna wiki nilikuwa nikifunga mlango Ijumaa jioni sisemi neno mpaka Jumatatu, na Jumatatu nikiita mahudhurio sauti inatoka imekwaruza, watoto wanatazamana. Ugali niliacha kusonga. Unasonga ugali wa nani, peke yako? Nikawa mtu wa mihogo ya kuchemsha na chai.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema. Upweke ule nilianza kuupenda. Jirani mmoja alikuja kunikaribisha maulidi, nikamwambia naumwa. Sikuwa naumwa. Nilishazoea kujiadhibu, na mtu akinionea huruma nilimwona ananiharibia adhabu yangu.

Basi. Katika darasa langu, la tatu, kulikuwa na binti mmoja anakaa peke yake dawati la mwisho. Wazazi wake ni wafugaji, Wasukuma, walikuja na ng'ombe wao kutoka huko Kanda ya Ziwa. Nyumbani Kisukuma, Kiswahili anakiokoteza shuleni. Mnajua hali ilivyo, hapa wapo wakulima na wapo wafugaji, hatudanganyani: ng'ombe wakiingia kwenye mbaazi za watu, salamu zinakauka. Binti huyo nilimfundisha kama wengine, sikumwonea wala sikumsogelea.

Jumamosi moja alasiri mama yake akasimama nje ya uzio wangu na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mayu." Mayu kwao ni mama.

"Marahaba. Karibu ndani."

Hakuingia. "Binti anasema una kitabu kwenye mkoba. Cha hadithi. Anasema wakati wa chai unakitoa, unakitazama, unakirudisha."

Sikujua kama kuna mtu ananiona kule kwenye mikorosho.

"Naomba kikalale kwangu," akasema.

"Wewe unajua kusoma?"

"Sijui. Asome yeye, mimi nisikie."

Nikamwambia, "Mama, hujasikia hapa wananiitaje?"

"Nimesikia." Akaweka kibuyu chini. "Na mimi kisimani wakiniona wanasema, ng'ombe hao wamekuja. Hapo niko na ndoo yangu tu, ng'ombe hayupo hata mmoja."

Nikacheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, na yeye akacheka. Nikaingia ndani nikakitoa kitabu. Pale kwenye uzio tulikishika wote wawili, yeye anavuta taratibu, mimi vidole haviachii. Alisubiri. Mwishowe nikaachia.

Jumatatu binti hakuja shule. Jumanne hakuja. Wiki nzima dawati la mwisho tupu. Nikajua wamehama, na kitabu kimehama nao, nikajisemea mwenyewe, umeona sasa? Umeona ulichokuwa unakiogopa?

Jumapili wakaja wote wawili. Mama alikuwa amekifunga kitabu kwenye kitambaa safi. Akanikabidhi kwa mikono miwili, macho chini.

"Mayu, tumeharibu. Mdogo wake ameuchana ukurasa wa mwisho, na ndama akautafuna. Tuliogopa. Nikamwambia binti akae nyumbani, asije ukamuuliza."

Nikafungua. Kweli ukurasa haupo, kimebaki kipande kwenye uzi. Hasira yangu ya zamani ikapanda yote, maneno tayari yamefika mdomoni: nilijua, nilisema mimi.

Kabla sijafungua mdomo yule binti akaanza kuongea. Hakuna aliyemwambia aongee. Ametazama vidole vya miguu yake, anasema ukurasa wa mwisho, jinsi mbuzi aliyepotea kwenye hadithi alivyopatikana na nani alimwona kwanza, sentensi kwa sentensi, na kila penye nukta ananyamaza kidogo kama ninavyowafundisha. Binti ambaye darasani sijawahi kusikia akisema zaidi ya "ndiyo, mwalimu". Mama yake midomo inacheza, anafuatisha kimyakimya. Na yeye alikuwa ameushika wote.

Nikakaa kwenye kizingiti. Nikasema, "Niletee karatasi kwenye mkoba wangu. Sema tena, polepole." Akasema, nikaandika. Tukaubandika kwa uji wa unga. Na wakati naandika nilielewa kwamba mama huyu amemzuia mtoto shule wiki nzima kwa kuogopa ukurasa mmoja. Nani alimfundisha woga huo? Watu kama mimi. Kule Mbwemkuru nilifanya hivyohivyo kwa shule nzima.

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu. Sikupona siku ile. Niligeuka tu.

Jumatatu, saa nne, nilibaki ofisini na kikombe changu. Nikawasimulia walimu wenzangu habari yangu yote mwanzo mpaka mwisho, kabla hawajapata nafasi ya kukumbuka madaftari. Kisha nikampigia simu yule mwalimu wa darasa la tatu, kule Ruangwa, niliyemkatalia mara tatu. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nimeshasahau, mkuu." Alikuwa hajasahau, nilisikia kwenye sauti. Lakini hakukata simu. Nikamuuliza, kama ungekuwa wewe wa kuweka sheria, maktaba ya shule ungesema ni nini? Akafikiri, akaniambia: "Ningesema mkaguzi asimuulize mwalimu mkuu. Amwite mtoto yeyote kutoka uwanjani, amuulize, kitabu ulichosoma mwisho kinahusu nini? Mtoto akijibu, maktaba ipo."

Hicho ndicho kiwango cha kwanza kwenye karatasi mlizoshika. Ni chake, kama ilivyo nusu ya hivyo vingine. Tuliandikiana miezi mingi. Kwamba vitabu vikae kwenye rafu yenye miguu, mbali na ukuta, mtoto wa darasa la kwanza afikie bila kuomba. Kwamba kipindi cha maktaba kiwe kwenye ratiba, si pale mwalimu akijisikia. Kwamba kitabu kiruhusiwe kulala nyumbani. Na kile mnachobishania tangu asubuhi, kwamba kitabu kikichanika kwa kusomwa, mtoto asiadhibiwe na mwalimu asitakiwe maelezo. Najua kinawatisha. Kilinitisha kuliko vyote.

Mara ya kwanza nilipovisoma mbele ya watu ilikuwa kikao cha wazazi na walimu, Mtua, nyumbani kwetu. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Leo mchwa ndio wanatufundisha kutunza vitabu." Watu wakavunjika mbavu. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Aliyeharibu ndiye anayejua vinavyoharibika." Nikasoma mpaka mwisho. Mkono ulionyooshwa ulikuwa mmoja, wa mama mwenye mtoto mgongoni, na sina hakika kama hakuwa anajikuna. Nikarudi Chiola peke yangu na bodaboda, njia nzima vumbi, nikakaa ndani siku mbili. Siku ya tatu nikaenda shule nyingine.

Sitawadanganya kwamba sasa nyumba yangu imejaa watu. Sahani bado ni moja. Kuna watoto kule Mbwemkuru walimaliza darasa la saba bila kuazima kitabu hata kimoja, hao siwezi kuwarudishia, na nikiwa peke yangu ndio ninaowafikiria.

Sasa shukrani. Nawashukuru walimu wa shule yangu, waliohamisha meza zao wenyewe ili rafu zipate nafasi. Namshukuru yule mzee wa Mtua, yuko hapa, ni yeye aliyepasua mbao za rafu za kwanza na amenikataza nisimwonyeshe. Namshukuru mwalimu wangu wa Ruangwa. Ameketi pale, na mimi ndiye ninayemwita mkuu siku hizi.

Wa mwisho simwoni. Kiangazi kilichopita malisho yaliisha, familia ile ikahama na ng'ombe wao. Mama alikuja kuniaga, tukasimama palepale kwenye uzio. Nikamuuliza mnaelekea wapi, akasema, "Penye majani, mayu." Simu hana. Binti yuko darasa la tano sasa, kama yuko shule. Anaweza kuwa ng'ambo ya mto Mbwemkuru, anaweza kuwa Liwale, anaweza kuwa kwenye shule ya mmoja wenu, amekaa dawati la mwisho, hasemi.

Ndiyo maana nimeomba viwango hivi viwe vya shule zote za wilaya zetu mbili, si vya Chiola peke yake. Shule moja nzuri haimsaidii mtoto anayehama. Nilichojifunza ni hicho, na sina kingine cha kuwapa. Mkinyoosha mikono leo, basi kesho akiingia kwenye shule yoyote huku kwetu, mgeni, hajui mtu, atakuta rafu iko wazi na hatahitaji kumwomba yeyote.

Mwenyekiti, nimemaliza. Waulize sasa, anayekubali anyooshe mkono.